Muziki wa Kikelti: Tuache kununua jina, tuwatafute wenyewe

Ndugu wasomaji, leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo tuzungumzie muziki, ingawa mwisho wa safari mtaona kuwa siasa, lugha na tumbo vyote vimo humo humo. Nataka kuzungumzia muziki wa wale wanaoitwa Wakelti, yaani watu wa Ireland, Scotland, Wales, Cornwall, Kisiwa cha Man na jimbo la Brittany lililoko Ufaransa. Na zaidi nataka kuwazungumzia wanamuziki wao wanaojitegemea, wale wasiokuwa chini ya makampuni makubwa ya kurekodi.

Najua wapo watakaouliza: sisi Waswahili yanatuhusu nini hayo? Yanatuhusu sana. Wengi wetu tumepata makazi kwenye ardhi za watu hao hao. Tunawasikia kazini, kwenye mabasi na shuleni kwa watoto wetu. Ukiishi Wales, mtoto wako anasoma Kiwelsh shuleni mpaka afikishe miaka 16, utake usitake, kwani ndio sheria ya shule za serikali huko. Mtoto anarudi nyumbani anaimba wimbo ambao baba na mama hawaujui hata neno moja. Sasa jirani ambaye mwanao anaimba nyimbo zake, si vyema ukamjua japo kidogo?

Hoja yangu ni nyepesi. Kile kinachouzwa duniani kwa jina la "muziki wa Kikelti" ni kipande kidogo tu cha mambo, tena mara nyingi ni kile kipande kilichopakwa sukari. Muziki wenyewe uko kwa wanamuziki huru, na hao ndio wanaobeba lugha zao mgongoni kwa gharama zao wenyewe. Anayependa muziki huo awatafute hao na awalipe hao. Na sisi tuna la kujifunza kwao kabla hatujachelewa.

Tuanze na hilo jina. Watu wengi duniani waliujua muziki huu kupitia mambo mawili matatu makubwa. Kuna Enya, mwanamama wa Donegal, ambaye sauti yake imefika kila lifti na kila saluni. Kuna Riverdance, ile ngoma ya miguu iliyooneshwa kwa dakika chache tu mjini Dublin mwaka 1994 wakati wa mashindano ya Eurovision, ikageuka kuwa biashara ya dunia nzima. Na kuna filamu ya Titanic ya mwaka 1997 na filimbi yake ya kilio. Baada ya hapo wafanyabiashara wakaona hapa pana soko. Zikaanza kutoka albamu za mchanganyiko zenye picha ya kilima cha kijani na ukungu juu yake, nyimbo zimerundikwa humo bila hata ya kuelezwa nani kaimba, kwa lugha gani, na wapi. Leo maduka ya CD mengi yamefungwa, lakini mchezo ni ule ule. Umehamia tu kwenye orodha za mitandao ya muziki, zile za "muziki wa kutuliza akili".

Sina ugomvi na Enya wala na wachezaji wa Riverdance. Ugomvi wangu ni na uvivu wa msikilizaji. Hebu tujiulize: akija mgeni akasikia wimbo mmoja wa rusha roho kwenye harusi, kisha akaenda kwao akasema "muziki wa Waswahili wote ndio huu", tutamkubalia? Hatutamkubalia hata kidogo. Tutamwambia kuna taarabu ya Ikhwani Safaa ya tangu 1905, kuna taarabu ya Mombasa, kuna chakacha, kuna kidumbaki, kuna beni na kuna nyimbo za Lamu, na kila kimoja kina wenyewe. Basi haki hiyo tunayoidai kwa ajili yetu tuwape na wenzetu.

Twende basi tukatembee kwao.

Ireland pekee ni dunia nzima. Kuna uimbaji unaoitwa sean-nós, maana yake "mtindo wa zamani". Mtu anasimama au anakaa, anafumba macho na kuimba peke yake bila ala yoyote, na kila mara anaupamba wimbo kwa vikorombwezo vya koo ambavyo havirudii vile vile. Anayejua kusikiliza kasida zetu zinavyovutwa atauelewa mara moja. Kisha kuna ala. Ile zumari ya mfuko ya Ireland haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji anabana kiriba kwa kiwiko na kusukuma hewa, na ndiyo maana inaitwa "uilleann", jina linalotokana na neno lao la kiwiko. Sauti yake ni ya chumbani, laini, yenye majonzi. Kuna na bodhrán, ambayo si kitu kingine bali ni dufu, ila wao wanaipiga kwa kijiti.

Ukivuka bahari kwenda Scotland unakuta zumari nyingine kabisa, ile ya kupulizwa kwa mdomo, yenye makelele ya vitani, iliyotengenezwa kwa ajili ya uwanja wa wazi. Lakini hao hao Waskoti kwenye visiwa vya magharibi wana nyimbo za akina mama za kukanda kitambaa cha sufu. Wanawake walikaa kuizunguka meza wakikipiga kitambaa kilicholowa, mmoja anaanzisha na wenzake wanaitikia. Mama aliyewahi kuimba nyimbo za kutwanga kinuni hahitaji mkalimani hapo. Kazi ile imeshakufa kwa sababu ya viwanda, nyimbo zimebaki.

Wales ni nchi ya kinubi na ya mashairi. Wana kinubi chenye safu tatu za nyuzi, na mpigaji huingiza kidole katikati ya safu mbili za nje kuufikia uzi wa ndani. Na wana tamasha lao kubwa liitwalo Eisteddfod, ambamo lugha ya jukwaani ni Kiwelsh tu, na mshairi bora hukalishwa kwenye kiti cha heshima mbele ya umma. Tena shairi la kiti hicho lina sheria kali za kulinganisha sauti za herufi ndani ya kila mstari, kanuni inayoitwa cynghanedd. Sisi wenye vina na mizani tunajua maana ya mtu kutunga huku amefungwa kamba namna hiyo na bado akasema la maana.

Brittany, upande wa Ufaransa, wanacheza ngoma za usiku ziitwazo fest-noz, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2012. Watu wanashikana mikono kwenye duara, wazee kwa vijana. Waimbaji wao ni wawili: mmoja anaimba mstari, wa pili anaudaka silabi za mwisho mwenzake hajamaliza, anaurudia, na hivyo hivyo bila ya nafasi ya kupumua mpaka alfajiri. Na wana ala iitwayo bombarde, ambayo ukiifumbia macho utadhani uko kwenye ngoma ya zumari pwani ya Kenya. Si ajabu, kwani zote mbili ni za ukoo mmoja, hupulizwa kwa mwanzi wa pande mbili.

Kuna wadogo wasiosahaulika. Cornwall na Kisiwa cha Man ni sehemu ambazo lugha zao zilishahesabiwa kuwa zimekufa. Msemaji wa mwisho wa kuzaliwa nayo wa lugha ya Man, mvuvi Ned Maddrell, alifariki mwaka 1974. Lakini watu waliwahi kumrekodi, wakajifunza kwake, na leo kuna watoto wanaosomeshwa kwa lugha hiyo na vijana wanaoiimba. Na ukienda mpaka Hispania, Galicia na Asturias, utakuta watu wenye zumari yao ya mfuko iitwayo gaita. Lugha ya Kikelti hawana tena, wanasema lugha za ukoo wa Kilatini, lakini wao wenyewe wanajihesabu katika ukoo huo na hualikwa kila Agosti kwenye tamasha kubwa la Lorient, Brittany, lililoanza mwaka 1971. Kundi la wasichana watatu wa Galicia liitwalo Tanxugueiras, wenye kupiga matari na kuimba Kigalicia, walishiriki mwaka 2022 katika mchujo wa Hispania wa kwenda Eurovision. Kura za umma ziliwapa wao ushindi, ila hesabu zilipojumlishwa na za majaji wakawa wa tatu.

Hayo ni ya asili. Sasa tuje kwa hawa wa leo, maana wapo wanaodhani muziki wa jadi ni wa makumbusho.

Martyn Bennett wa Scotland alikuwa mpiga zumari na fidla aliyesomea muziki wa kizungu wa madarasani, kisha akaenda kuuchanganya na midundo ya disko za usiku. Ugonjwa wa saratani ulipomzuia kupiga ala, alichukua kanda za zamani za waimbaji wa vijijini na za watu wa kuhamahama wa Scotland, akazijengea mashine chini yake. Albamu yake, Grit, ilitoka mwaka 2003, akafariki mwanzoni mwa 2005 akiwa na miaka 33. Sauti za wazee waliokwisha kuzikwa zikaingia masikioni mwa vijana wa disko. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini huwezi kusema ni muziki wa kukutuliza akili.

Kundi la Lankum la Dublin lilianza kwa kutoa albamu lenyewe. Wao wanachukua wimbo wa zamani, wanaupunguza mwendo, wanauwekea mngurumo mzito mpaka chumba kinatetemeka. Albamu yao ya 2023 iliingia kwenye orodha fupi ya tuzo ya Mercury ya Uingereza. Huko Belfast wametokea vijana wa Kneecap wanaochana kwa Kiayalandi, wakatukana na wakachekesha, na wapo wanaowapenda na wapo wasiotaka hata kuwasikia. Mwanamama Gwenno wa Cardiff alitoa mwaka 2018 albamu nzima kwa lugha ya Cornwall, ile iliyosemwa imekufa, kwa mtindo wa pop ya kompyuta. Cerys Hafana wa Wales anakipiga kile kinubi cha safu tatu kwa namna ambayo babu zake wasingeitambua, kisha akaenda maktaba kuchimbua nyimbo zilizosahaulika.

Na kwa sisi Waafrika, lipo la kututoa machozi ya furaha. Mwaka 2013 mpiga kinubi wa Wales Catrin Finch na mpiga kora wa Senegal Seckou Keita walitoa albamu pamoja. Kora na kinubi vinaulizana na kujibizana kama ndugu waliopotezana utotoni. Hakuna aliyemsindikiza mwenzake humo, kila mmoja kaja na chake. Huo ndio ushirikiano ninaoutaka mimi, siyo ule wa Mwafrika kuwekwa nyuma apige ngoma huku nyota akiwa mwingine.

Tukumbuke pia kuwa wenzetu hawa hawakuogopa kuazima. Buzuki, ala ya Wagiriki, iliingia Ireland miaka ya 1960 tu, na leo ukimwambia kijana wa Kiayalandi kuwa buzuki si ya kwao anaweza kukushangaa. Nasi je? Ganuni na udi vimetoka wapi? Fidla na akodioni vimetoka wapi? Mila inayokopa na kukitia kilichokopwa ladha yake ni mila iliyo hai.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo penye uchungu. Sensa ya Scotland ya 2022 ilikuta wasemaji wa Kigaeli karibu 70,000 tu. Sensa ya Wales ya 2021 ilipata wasemaji wa Kiwelsh takriban 538,000. Ireland, ambako Kiayalandi ni lugha ya taifa na kila mtoto anakisoma, sensa ya 2022 iliwapata watu wasiofika 72,000 wanaokisema kila siku nje ya shule. Kiswahili chetu kina wasemaji mamilioni kwa mamilioni, na tangu 2021 UNESCO imekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Sasa fikirini: mtu anatunga wimbo kwa lugha yenye wasemaji wasiojaza viwanja viwili vya mpira, anajua kabisa kuwa hataitwa tajiri, na bado anatunga. Kampuni gani kubwa itamchukua huyo? Haimchukui. Ndiyo maana nasema wanamuziki huru ndio wabebaji wa lugha. Wao wanabeba kwa sababu hakuna mwingine anayeona faida kubeba.

Na wao wenyewe waligundua mapema kuwa mwenye kanda ndiye mwenye mali. Wales walianzisha kampuni yao ya Sain mwaka 1969 ili nyimbo za Kiwelsh zipate pa kurekodiwa. Mwanamama wa Canada Loreena McKennitt, anayepiga kinubi na kuimba nyimbo za asili hii, alianza kwa kupiga mitaani na sokoni akikusanya sarafu. Mwaka 1985 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Quinlan Road, na kuuza kanda zake kwa mkono na kwa posta. Makampuni makubwa yalipomjia baadaye aliwapa ruhusa ya kusambaza tu, umiliki akabaki nao yeye. Ameuza zaidi ya albamu milioni 14. Na bendi ya Super Furry Animals ya Wales, mwaka 2000, ilitoa kwa lebo yake yenyewe albamu ya Kiwelsh kitupu, Mwng, na ikapanda mpaka nafasi ya 11 kwenye chati ya Uingereza. Waliokuwa wakisema "kwa lugha hiyo hamtauza" wakanyamaza kidogo.

Lakini nisiwadanganye kuwa ni asali tupu. Kuna kisa cha Wales ambacho kila mwanamuziki wetu anapaswa kukijua. Chama kikubwa cha kukusanya mirabaha Uingereza kilibadilisha namna ya kukokotoa malipo ya nyimbo zinazopigwa Radio Cymru, ile redio ya BBC ya Kiwelsh, na watunzi wakaona mapato yao yameporomoka vibaya. Hawakuishia kulalamika. Walianzisha chama chao, Eos, wakaondoa haki zao kutoka chama kile, na tarehe 1 Januari 2013 nyimbo zao zikanyamaza redioni. Redio ya Kiwelsh ikawa haina sehemu kubwa ya nyimbo za Kiwelsh! Mgomo ukaendelea kwa wiki kadhaa mpaka yakapatikana makubaliano ya muda, na kesi ikaenda mbele ya baraza la hakimiliki. Desemba mwaka huo huo baraza likaamua malipo yawe pauni 100,000 kwa mwaka, kiasi kidogo mno kuliko kile Eos ilichodai.

Je, walishindwa? Kwa pesa, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini walionesha kuwa redio ya lugha yao haiwezi kuishi bila wao, na kuwa wimbo una mwenyewe. Funzo hilo lina thamani yake.

Hali ya sasa nayo ni ngumu. Mtandao uliwafungulia mlango, kisha ukauegesha. Tangu mwanzoni mwa 2024, Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Kwa nyota wa Marekani mara 1,000 ni sekunde chache. Kwa mwimbaji wa Kibretoni wa kijijini huenda ndiyo hadhira yake yote ya mwaka. Njia bora kwa wengi wao imekuwa ni kuuza wenyewe, kwenye matamasha yao na kwenye mtandao wa Bandcamp ulioanza 2008, ambao huchukua asilimia 15 ya albamu ya mtandaoni na kumwachia msanii sehemu kubwa ya kilichobaki. Nao huo umeshauzwa mara mbili, 2022 na 2023, na ule uuzaji wa pili ulifuatiwa na wafanyakazi karibu nusu kupoteza kazi. Kwa hiyo hata huko hakuna uhakika wa milele. Uhakika pekee ni uhusiano wa msanii na msikilizaji wake.

Hapa najua nitapingwa. Wa kwanza atasema: muziki wa jadi hauna mwenyewe, ni wa wote, kwa nini tuulipie? Ni kweli kuwa wimbo wa miaka 200 ni wa wote. Lakini kidole kilichoupiga, koo lililouimba na studio iliyokodishwa vina wenyewe, nao wanalipa kodi ya nyumba kama wewe. Wa pili atasema: kujitegemea si dalili ya ubora, wapo wanamuziki huru wabovu. Nakubali, tena wapo wengi. Sisemi tununue ubovu kwa huruma. Nasema tusiuache uzuri kwa sababu tu haukutangazwa. Wa tatu atasema: serikali za kwao ziwasaidie. Zinajaribu. Ireland mwaka 2022 ilianza majaribio ya kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki. Lakini walioomba walikuwa wengi kuliko nafasi, na msaada wa serikali hauchukui nafasi ya watu kuupenda muziki wao.

Ndugu zangu wa ughaibuni, kuna sehemu moja ya habari hii ambayo ni yetu kabisa. Muziki wa Ireland uliokolewa kwa kiasi kikubwa na wahamiaji. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwatupa wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo. Miongoni mwa waliohama baadaye alikuwa Francis O'Neill, mtu wa Cork, aliyefika Chicago akapanda mpaka kuwa mkuu wa polisi wa jiji. Mkuu huyo wa polisi aliwatafuta Waayalandi wenzake wenye muziki, akakusanya walichokijua, na mwaka 1903 akachapisha kitabu chenye vipande 1,850 vya muziki. Wapigaji mpaka leo wanakirejea. Kisha akaja Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia New York. Sahani za santuri alizorekodi huko miaka ya 1920 zilivuka bahari kurudi nyumbani, na wapiga fidla wa Ireland wenyewe wakaanza kumuiga. Yaani ughaibuni ulirudisha muziki nyumbani! Hata Cape Breton, Canada, wajukuu wa Waskoti waliohama wameshika fidla na Kigaeli kwa namna ambayo Waskoti wa leo wanasafiri kwenda kujifunza kwao.

Sasa tujitazame. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizoifikisha sauti ya Kiswahili mbali. Leo ukitaka kuzisikia nyimbo za wazee wetu unazipata YouTube, zimepandishwa na mtu asiyejulikana, jina la mpiga fidla halipo, la mtunzi limekosewa, na senti moja haimfikii yeyote wa ukoo wake. Tuna COSOTA kule bara na COSOZA Zanzibar, lakini taasisi haziwezi kudai haki ya wimbo ambao sisi wenyewe hatujui kaupiga nani. Tuna kanda chini ya vitanda hapa London, Muscat, Toronto na Copenhagen, kanda za harusi na za vikundi vilivyokwisha kufa, na kila mwaka ukungu unazila. Nani wetu atakuwa O'Neill? Hahitajiki mkuu wa polisi. Anahitajika mtu mwenye daftari, simu ya kurekodia na subira ya kumuuliza mzee: huyu ni nani, wimbo huu kautunga nani, ulipigwa wapi, mwaka gani?

Kwa anayetaka kuanza kuwajua hawa Wakelti, nashauri hivi. Usianze na orodha za mchanganyiko. Anza na ala moja au lugha moja. Sikiliza redio zao kwenye mtandao, hazina gharama: Raidió na Gaeltachta ya Ireland, Radio Cymru ya Wales na Radio nan Gàidheal ya Scotland. Huelewi maneno? Na wao hawaelewi taarabu, na bado wapo waliokuja Sauti za Busara Zanzibar wakasikiliza kwa heshima. Ukisikia jina lililokugusa, liandike, kisha nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa msanii mwenyewe.

Wapo watakaosema muziki huu unapigwa kwenye baa, nao si watu wa baa. Ni kweli vikao vingi vya wapigaji hufanyika huko. Lakini si huko tu. Glasgow kila Januari kuna tamasha la Celtic Connections, lililoanza 1994, na maonyesho yake mengi ni ya kumbini. Kwenye visiwa vya Scotland kuna mafunzo ya watoto yaitwayo fèis, yaliyoanza Barra mwaka 1981, ambapo mtoto anafundishwa ala, nyimbo na lugha pamoja. Brittany fest-noz hufanyika kwenye kumbi za kijiji na familia nzima huenda. Mpeleke mwanao. Akirudi na hamu ya fidla, mweleze kuwa na kwao iko fidla, na mwoneshe inavyopigwa.

Mwisho, nawaomba jambo moja dogo la vitendo. Mwezi huu, kila aliyesoma mpaka hapa anunue albamu moja kutoka mkononi mwa msanii: moja ya Mkelti yeyote aliyemgundua mwenyewe, au moja ya mwanamuziki wa kwetu anayejitegemea. Mwenye uwezo anunue zote mbili. Bei yake haizidi ya chakula cha mchana. Na mwenye kanda za zamani chini ya kitanda azitoe leo, azifute vumbi, aandike majina juu yake wakati wenye kuyajua majina hayo wangali hai. Chanda chema huvikwa pete, lakini pete haijivishi yenyewe.